Swali Likikosewa Likwambie Kitu: Mwongozo wa Kutunga Majaribio kwa Walimu wa Shinyanga na Geita

Tuseme unafundisha hisabati darasa la sita katika kata ya machimbo, iwe Rwamgasa, Nyarugusu au Mwakitolyo. Una wanafunzi zaidi ya mia katika chumba kimoja, wamekaa watatu watatu kwenye dawati. Ubao ni mmoja, chaki ni za kuhesabu, na kopi mjini ni hela. Ijumaa unataka kujua kama somo la asilimia limeingia. Mwongozo huu ni wako. Mwenzako wa Kahama mjini mwenye mashine ya kurudufu ofisini naye ataokota lake humu, lakini wewe ndiye niliyekuwa nikikufikiria.

Vitabu vya upimaji hupanga maswali kwa makundi: ya kuchagua, ya kuoanisha, ya kweli au si kweli, ya kujaza nafasi, ya majibu mafupi, insha, ya vitendo. Kisha hutaja faida na hasara za kila kundi, na mwalimu anabaki palepale. Mimi naomba uanze na swali moja tu unapoketi kutunga: mtoto akikosa hapa, nitajua nini? Kama jibu ni "nitajua kwamba amekosa", hilo swali litakupa alama za kujaza kwenye ripoti, lakini Jumatatu utaingia darasani bila kujua uanzie wapi.

Azimio la kazi kwanza

Usianze na kitabu cha maswali. Fungua azimio la kazi uone umetumia wiki ngapi kwa kila mada. Kama katika wiki nane sehemu zimechukua nne, asilimia mbili na vipimo mbili, basi jaribio la maswali ishirini litakuwa na kumi ya sehemu, matano ya asilimia na matano ya vipimo. Hilo ndilo jedwali la utahini tulilofundishwa chuoni, na halihitaji kompyuta. Mistari mitatu nyuma ya daftari inatosha.

Halafu gawa kwa uzito wa fikra. Tangu Benjamin Bloom na wenzake watoe mpango wao mwaka 1956, walimu wamekuwa wakikariri ngazi sita. Kwa jaribio la Ijumaa, ngazi tatu zinatosha: kukumbuka, kuelewa, kutumia. Angalia tu kwamba zile za kukumbuka hazizidi theluthi. Maana ndizo rahisi kutunga, na mkono uliochoka huzikimbilia.

Ndiyo maana siipendi mitihani ya kununua, ile inayouzwa tayari kwenye maduka ya vifaa vya shule. Imepangwa vizuri, ina nembo na maelekezo, lakini aliyeitunga hajui kwamba wiki ya tatu darasa lako lilikuwa nusu tupu kwa sababu ya mvua za kwanza na watoto wengi walikuwa shambani. Itumie kwa mazoezi ya kuzoea muundo. Usiitumie kujua walichojifunza kwako. Mtihani wa ujirani mwema nao uko hivyohivyo: unalinganisha shule na shule, na hiyo ni kazi nyingine.

Ya kuchagua: kazi yote iko kwenye vipotoshi

Swali la kuchagua jibu sahihi lina kama miaka mia moja na kidogo. Frederick Kelly alilitumia Kansas, Marekani, mwaka 1915 katika jaribio lake la kusoma, ili kusahihisha kuwe haraka na mapenzi ya msahihishaji yasiingie. Kwetu limekuwa ndilo uti wa mtihani wa darasa la saba. Tangu 2012 watahiniwa huweka kivuli kwa penseli kwenye fomu maalumu na mashine ndiyo inayosoma. Mwanzoni hata hisabati yote ikawa ya kuchagua. Baadaye maswali machache ya kuonesha njia yakarudishwa, na kwa maoni yangu yalirudi kwa kuchelewa.

Mwaka huohuo wa 2012 serikali ilikiri kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliokuwa wameingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Wengi huilaumu mashine kwa hilo, lakini wale walifanya mtihani 2011, kabla ya mashine. Tatizo liko kwenye swali la kuchagua lenyewe: herufi moja inanakilika kwa jicho, na hata asiyenakili ana bahati yake. Fanya hesabu: maswali 40 yenye machaguo matano, anayeotea tu anategemewa kupata 8. Yakiwa machaguo manne, 10. Kwa hiyo mtoto mwenye 10 kati ya 40 hajakwambia kwamba anajua robo ya somo.

Dawa ni vipotoshi, yale majibu ya kosa. Mtunzi aliyechoka huweka namba yoyote ijayo kichwani. Mtunzi makini huweka majibu ambayo mtoto atayafikia kwa kukosea kwa njia inayojulikana. Tazama hili:

*Duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, lilitoa mifuko 80 ya mawe ya dhahabu. Mwenye leseni alichukua asilimia 30 ya mifuko hiyo. Ilibaki mifuko mingapi?*
*A. 24   B. 50   C. 56   D. 104*

Aliyechagua A amejua kutafuta asilimia, akaishia njiani. Hakurudi kusoma swali linauliza nini. Aliyechagua B amefanya 80 kutoa 30. Kwake asilimia 30 na mifuko 30 ni kitu kimoja, yaani mada haijaingia kabisa. D ametafuta 24 vizuri, kisha akajumlisha badala ya kutoa. C ndiye aliyefika. Majibu manne, na kila moja lina mtoto wa aina yake nyuma.

Sasa tuseme darasa la wanafunzi 100 limejibu hivi: A 38, B 29, C 26, D 7. Kwa macho ya ripoti, hili ni anguko: waliopata ni 26 tu. Kwa macho yako wewe unayeingia darasani Jumatatu, mambo yako tofauti. Wale 38 wa A wanajua asilimia. Wanahitaji dakika kumi za kuzoea kupigia mstari kinachoulizwa. Wale 29 wa B wanahitaji kufundishwa upya, kwa kokoto mia moja mezani kama itabidi. Ukifundisha darasa zima upya tangu mwanzo, 38 watasinzia. Ukiendelea mbele, 29 umewaacha hapo hadi darasa la saba.

Vipotoshi hivi utavitoa wapi? Kwenye madaftari yao. Ukisahihisha zoezi la Jumanne, usiishie kuweka alama ya kosa. Nukuu pembeni makosa matatu yanayojirudia. Hayo ndiyo A, B na D ya Ijumaa. Chanzo kingine ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani. Zimo bure kwenye tovuti yake, zinachambua swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi, na huweka hata picha za majibu yao, mazuri na mabovu. Nashangaa ni shule ngapi hazijawahi kuzifungua.

Kuna mtego mmoja ambao vitabu vya Kiingereza havitautaja kwa sura hii, maana Kiingereza hakina ngeli. Soma hili:

*Mwanafunzi akikimbia, damu husukumwa kwa kasi zaidi na ______ wake.*
*A. ini   B. pafu   C. moyo   D. jicho*

Mtoto asiyejua lolote kuhusu mzunguko wa damu anapata. "Wake" imemaliza kazi: ini lake, pafu lake, jicho lake, moyo wake. Kiswahili kinavujisha jibu kupitia upatanisho, na mtunzi haoni kwa sababu kwake sentensi imekaa vizuri. Ama uondoe kile kivumishi, ama uhakikishe machaguo yote yanapatana na sentensi. Pitia kila swali kwa sauti ukiweka chaguo moja moja; sikio litakwambia.

Mengine ni ya kawaida. Jibu sahihi lisiwe refu kuliko mengine. "Yote hapo juu" achana nayo. Ukiuliza "kipi SI", andika hiyo SI kwa herufi kubwa na uipigie mstari. Panga namba kutoka ndogo kwenda kubwa. Na herufi za majibu sahihi zisifuate mpangilio. Watoto wa siku hizi wanakagua hilo kabla ya kusoma swali.

Ukiandika ubaoni na dawati lina watoto watatu, tunga matoleo mawili yenye umbo lilelile. Waliokaa pembeni wafanye mifuko 80 na asilimia 30. Wa katikati afanye mifuko 60 na asilimia 40. Ubao unagawanywa kwa mstari mmoja wa wima. Kunakili kunapungua bila wewe kuzunguka na fimbo.

Kwa darasa la saba, ile fomu ya kuweka kivuli isiwe ngeni kwao siku ya mtihani. Chora mfano wake, urudufu karatasi chache ukiweza, na uwaachie wazoee kufuta kwa ufutio hadi kivuli cha kwanza kitoke kabisa.

Kweli au si kweli, kuoanisha, kujaza nafasi

Haya nayapitia haraka kwa sababu yanafundisha kidogo, ingawa yana mahali pake.

Kweli au si kweli ni sarafu inayorushwa: kati ya maswali kumi, anayeotea hupata matano. Liokoe kwa sharti moja, kwamba akisema si kweli arekebishe sentensi. "Mvuke wa zebaki hauna madhara kwa sababu hauonekani." Mtoto akiandika tu "si kweli", nusu alama. Akiandika kwamba mvuke huo ni sumu hata kama hauonekani, alama kamili. Hapo umepima.

Kuoanisha kunafaa pale vitu vinapokuwa vya familia moja na orodha hazilingani. Ukiweka vitano kushoto na vitano kulia, la mwisho linajijibu lenyewe. Weka Mwadui, Mererani, Uvinza, Kiwira na Minjingu upande mmoja. Upande wa pili weka almasi, tanzanite, chumvi, makaa ya mawe, fosfeti, kisha uongeze dhahabu na gesi asilia. Ila usichanganye madini na majina ya marais kwenye orodha moja. Nimeyaona hayo, na mtoto anaoanisha kwa akili ya kawaida, si kwa jiografia.

Kujaza nafasi ni kuzuri kwa istilahi na kwa watoto wa madarasa ya chini, lakini nafasi iwe moja, iwe karibu na mwisho, na iwe na jibu moja. "Shinyanga ni ______" ina majibu sahihi zaidi ya kumi: mkoa, manispaa, mji, mbali, nyumbani. Mtoto aliyeandika "kwetu" utamkatia alama kwa sababu gani?

Jibu fupi lenye njia

Hapa ningependa ukae zaidi. Swali la njia ndilo linalokufungulia kichwa cha mtoto, na halihitaji karatasi nyingi. Matatu tu kwa jaribio yanatosha.

*Shule ina tangi la maji la lita 5,000 na wanafunzi 800. Kila mwanafunzi hutumia lita 2 kwa siku. Tangi likijaa, maji yatatosha wanafunzi wote kwa siku ngapi kamili?*

Matumizi ya siku ni lita 1,600. Gawanya, unapata 3.125. Jibu ni siku 3. Mtoto atakayeandika 3.125 anajua kugawanya, lakini hajafikiria kuhusu tangi. Hakuna siku ya 0.125 ambayo wanafunzi wote watakunywa. Atakayeandika 4 amekariri kwamba desimali hukadiriwa kwenda juu. Atakayeandika 6.25 amegawanya kwa 800 tu, akasahau zile lita 2. Toa alama tatu: moja ya lita 1,600, moja ya kugawanya, moja ya kusema siku tatu. Andika mgawanyo huo kabla hujakusanya madaftari. Ukiungoja hadi uone majibu, utajikuta unamwonea huruma huyu na kumbana yule.

Na wafundishe kwamba njia ina alama. Watoto wengi hufuta kazi yao wakibakiza jibu tupu, wakidhani usafi ndio unaotafutwa.

Swali la karai

Kila mkoa una mtaala wake ambao haujaandikwa. Mtoto wa Kishapu ameona pamba ikipimwa kwenye mizani ya kijiji. Wa Ushetu anajua tumbaku inavyopangwa kwa madaraja. Wa Geita ameona karai. Swali la ngazi ya kutumia lianzie hapo, kwa sababu jibu lake haliko kwenye kitabu chochote cha kunakili.

Kwa kidato cha pili, fizikia: *Mchimbaji anazungusha mchanga na maji kwenye karai. Kwa nini mchanga unaondoka na maji na dhahabu inabaki chini?* Jibu la kitaalamu ni densiti: dhahabu ina gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati jiwe jeupe la kwazi lina kama 2.65, tofauti ya karibu mara saba. Utapata majibu ya "kwa sababu dhahabu ni nzito", na hapo ndipo utamu ulipo. Mwanafunzi huyo yuko karibu lakini hajafika; jiwe kubwa la kwazi ni zito kuliko chembe ya dhahabu. Mpe alama moja, kisha Jumatatu weka mawe mawili mezani na umuulize nini maana ya uzito na nini maana ya densiti.

Kwa kemia: *Mchanganyiko wa dhahabu na zebaki unapochomwa, ni kipi kinaondoka na ni kipi kinabaki, na kwa nini?* Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi. Dhahabu haiyeyuki hadi kama 1,064. Ongeza sehemu ya pili: *Eleza kwa nini ni hatari kufanya kazi hiyo jikoni nyumbani.* Wapo watakaoijibu wakiwa wanaijua kazi hiyo kwa macho yao. Usiwageuze mashahidi mbele ya darasa. Swali la maandishi limewapa nafasi ya kusema bila kunyooshewa kidole.

Tahadhari moja ya haki. Darasa la mji wa machimbo lina watoto wa kila namna: wa mwalimu, wa muuza duka Katoro, wa mfugaji aliyehamia jana. Swali la duara na mifuko lisiwe kumi kati ya kumi. Changanya: moja la machimbo, moja la mpunga, moja la duka, moja la ng'ombe. Na maneno ya kazi ambayo si kila mtoto anayajua, kama marudio (mchanga uliokwisha kusafishwa) au karasha (mashine ya kusaga mawe), yaeleze ndani ya swali kwa nusu sentensi. Vinginevyo unapima baba yake anafanya kazi gani.

Insha, na vitenzi vya amri

Insha moja ukiisahihisha kwa dakika nne, kwa wanafunzi 110 ni dakika 440: saa saba na dakika ishirini, bila kula. Kwa hiyo toa moja kwa mwezi na uitoe vizuri. Usiseme "Andika kuhusu mazingira". Sema: "Wewe ni mwenyekiti wa kijiji. Andika barua ya aya tatu kwa wananchi ukiwashawishi kurudisha ngitili, yaani malisho yanayohifadhiwa. Toa sababu mbili na ujibu hoja moja ya wanaopinga." Sasa una cha kusahihisha: muundo wa barua, sababu mbili, hoja iliyojibiwa, lugha. Alama ziandike kwa mafungu hayo manne.

Sahihisha kwa mafungu ya madaftari kumi kumi, rudi kwenye la kwanza uone kama bado ungempa alama ileile, na funika jina kadiri uwezavyo. Jina la mtoto mtundu hukata alama mbili kabla kalamu haijagusa karatasi. Sote tunajua.

Kinachowaangusha wengi kwenye insha na majibu mafupi ni kitenzi cha mwanzo. Taja maana yake orodhesha basi. Anayeandika aya anapoteza muda. Eleza inataka kwa nini au vipi. Tofautisha inataka pande mbili kwa kigezo kilekile. Anayeandika aya ya pamba kisha aya ya tumbaku bila kuzikutanisha hajatofautisha. Jadili inataka hoja zinazopingana na msimamo. Wape wiki moja ya zoezi la vitenzi tu: mada moja, sema ngitili, iulizwe kwa taja, kwa eleza, kwa tofautisha, na waone jinsi jibu linavyobadilika umbo.

Lugha inapofunika somo

Mtoto anayezungumza Kisukuma, Kisumbwa au Kizinza nyumbani anakuja shuleni na Kiswahili cha daftari. Kisha akiingia kidato cha kwanza maswali yanageuka Kiingereza. Kwa hiyo kila swali la sayansi ni pia swali la lugha, upende usipende. Amua mapema unapima lipi. Kwenye sayansi, aliyeandika "mala" badala ya "mara" amejibu. Mrekebishe pembeni, usimkate. Kwenye Kiswahili, mkate.

Sentensi za maswali ziwe fupi. Wazo moja, kisha nukta. Kwa kidato cha kwanza muhula wa kwanza, tumia michoro ya kuweka majina, majedwali ya kujaza, mishale ya mfuatano. Mwanafunzi anayeweza kuchora mzizi ukifyonza maji anajua, hata kama sentensi ya Kiingereza imemshinda. Usipomwona sasa, utamhesabu miongoni mwa walioshindwa sayansi, na si kweli.

Maswali yasiyoandikwa

Darasa la kwanza na la pili, kusoma hakupimwi kwa karatasi. Mtoto aketi mbele yako asome. Utafiti wa Uwezo, ulioanza nchini 2010, uliwapima watoto wakubwa kwa wadogo nyumbani kwao kwa njia hiyo: silabi, maneno, aya, hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, mmoja mmoja, kwa sauti. Hakuna cha kunakili. Wewe fanya watoto watano kila siku, wakati wengine wanaandika; katika wiki nne umemaliza mia. Daftari lako liwe na safu tano tu: hajui, herufi au silabi, neno, aya, hadithi. Weka tarehe. Muhula ujao utaona nani amesogea.

Vitendo navyo visingoje maabara. Kupima urefu wa uwanja kwa kamba, kuchuja maji machafu kwa mchanga, kusoma kipimajoto: mpe kila kikundi kazi, na simama ukiangalia mambo matatu tu uliyoyaandika kabla. Ukitaka kuangalia kumi, hutaona hata moja.

Baada ya kusahihisha

Hapa ndipo majaribio mengi hufia: alama zinaingia kwenye ripoti, madaftari yanarudishwa, basi. Tumia nusu saa zaidi. Kwa maswali ya kuchagua, wape wabadilishane madaftari, soma majibu, kisha waombe wanyooshe mikono: waliochagua A? B? Hesabu na uandike ubaoni. Umepata ile orodha ya A 38, B 29 bila jasho.

Kisha chukua madaftari kumi yaliyofanya vizuri zaidi na kumi yaliyofanya vibaya zaidi. Angalia swali moja moja. Kama wa chini wamelipata kuliko wa juu, shuku swali lenyewe au mwongozo wako wa usahihishaji. Huenda majibu sahihi ni mawili, au umeandika C badala ya B. Lifute, uwaambie umelifuta. Kama wote ishirini wamekosa, mada hiyo rudi nayo. Yale yaliyofanya kazi yanukuu kwenye daftari la maswali pamoja na hesabu ya waliochagua nini. Mwaka kesho utabadilisha namba tu.

Ambaye hakuwepo, mwandikie "hayupo". Usimpe sifuri. Siku ya mnada, msimu wa kupalilia, au uvumi wa rashi mpya ya dhahabu porini, darasa linaweza kupoteza theluthi, na sifuri zile zitashusha wastani hadi udhani umefundisha vibaya.

Wapo pia wanaokuja. Familia za machimbo huhama, na Machi au Agosti utaletewa mtoto mwenye barua ya uhamisho isiyosema chochote kuhusu anachojua. Usimkalishe nyuma ukasubiri mtihani wa muhula. Mpe maswali sita siku ya kwanza, mengine kwa mdomo: asome aya fupi kwa sauti, akwambie aya hiyo imesema nini, anakili sentensi moja kutoka ubaoni, ajumlishe na kutoa tarakimu tatu, azidishe tarakimu mbili kwa moja, agawe kitu nusu na robo kwa kuchora. Dakika kumi na tano. Akishindwa kusoma, anza naye kwenye silabi jioni hiyohiyo, hata kama barua inasema darasa la tano. Akisoma kitabuni vizuri lakini akashindwa kunakili kutoka ubaoni, msogeze dawati la mbele na uwaambie wazazi wampeleke akapimwe macho.